Spana Iliyozunguka

Benchi la mashahidi lilikuwa nje ya chumba namba mbili cha mahakama, na lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Sajini alikwisha kulizoea. Kwa kesi hii peke yake alikuwa amelikalia mara tatu bila kuitwa: mara ya kwanza jaji alikuwa mgonjwa, ya pili mshtakiwa hakuletwa kwa sababu gari la magereza lilipata pancha, ya tatu umeme ulikatika. Leo kila mtu alikuwepo, hata jaji. Mwanamke huyu wa miaka ishirini kazini alikuwa amekaa pale tangu saa mbili asubuhi, sare imepigwa pasi ikakauka kama ubao, faili mapajani, na njaa inamsokota.

Shahidi haruhusiwi kuingia kuwasikiliza wenzake kabla ya zamu yake. Lakini mlango wa chumba namba mbili ulikuwa wa mbao nyembamba, na msimamizi wa ghala, shahidi wa kwanza, alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwafokea wapagazi. Sajini alimsikia akieleza jinsi alivyomkuta mlinzi wake amelala kifudifudi asubuhi ile ya Ijumaa, fuvu limepasuka. Akamsikia akijisifu kwamba ghala lake ni la vifaa vya ujenzi vya thamani, na kwamba geti la nyuma halifunguliwi na mtu yeyote ila yeye, ufunguo ni mmoja na unalala mfukoni mwake.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu, au ndivyo walivyosema wote kituoni. Alhamisi mlinzi alimzaba kofi fundi bomba mbele ya watu, pale getini, kisa na mkasa ni kuingia bila kibali. Fundi bomba akasema mbele ya watu haohao kwamba mlinzi atajuta kuzaliwa. Ijumaa alfajiri mlinzi akauawa. Jumamosi Sajini akapekua chumba cha fundi na kuondoka na spana kubwa ya bomba. Maabara ikasema spana ina damu ya marehemu. Mtu akihitaji zaidi ya hapo, basi anataka malaika ashuke atoe ushahidi.

Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, Sajini akaisoma ripoti ya maabara tangu mwanzo. Hilo lilikuwa jambo jipya. Wapelelezi husoma ukurasa wa mwisho, penye jibu, wakafunga faili. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na mstari mmoja mdogo: kielelezo kimepokelewa Alhamisi kutoka mikononi mwa Koplo. Huyo alikuwa koplo wa kituo chao, na Sajini akakunja uso. Spana aliipeleka mwenyewe, Jumatatu, akagongewa muhuri, na kesho yake akatumwa kusindikiza mahabusu mkoa mwingine, safari ya siku tisa. Akajiambia kwamba karani wa maabara amekosea, kisha akajiambia kwamba huenda ni yeye anayezeeka. Kabla hajaamua ni lipi, akaitwa jina lake.

Aliapa, akasimama wima kizimbani. Jaji alikuwa mama wa makamo aliyeandika kila neno kwa mkono wake, kwa kalamu nyeusi, hana haraka. Sajini akaielekezea macho kalamu ile. Mzee wa Stoo, mtunza vielelezo wa kituo, ndiye aliyemfundisha hivyo, Sajini akiwa bado konstebo asiyejua mikono aiweke wapi mahakamani. Usimtazame wakili, alimwambia, wakili atakutoa kwenye reli. Tazama kalamu ya jaji. Ikiandika, nyamaza. Ikisimama, sema. Ushahidi ambao kalamu haikuufikia haujatolewa.

Wakili wa serikali, bwana mrefu mwenye sauti ya redio, alimwongoza taratibu. Ulikwenda wapi, saa ngapi, na nani, ukakuta nini. Sajini alijibu mafupi. Chini ya kitanda, ndani ya ndoo ya vifaa, alikuta spana moja kubwa ya bomba, nyekundu, rangi imebanduka mpinini. Alipewa bahasha ya karatasi ngumu, akaisoma lebo, akaitambua sahihi yake, akaifungua.

"Hiki ndicho kielelezo namba tatu ulichokichukua chumbani kwa mshtakiwa?"

Sajini aliiangalia spana. Nyekundu, imebanduka mpinini, ukubwa uleule.

"Ndicho, Mheshimiwa."

Kalamu ikaandika. Hapo wakili wa serikali angekaa chini, mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Aliichukua spana, akainyanyua juu ili chumba kizima kiione, na kwa kidole gumba akalizungusha lile gurudumu dogo linalofungua na kufunga meno yake. Likazunguka vizuri kabisa. Meno yakafunguka, yakafunga, yakafunguka tena.

Mshtakiwa aliinua kichwa. Alikuwa amekondeana, shati linaning'inia mabegani, na tangu asubuhi alikuwa akitazama vidole vyake. Sasa alimtazama Sajini moja kwa moja.

Alikumbuka. Siku ya upekuzi alitaka kupima meno ya spana ile, akalisukuma gurudumu, likagoma. Akatumia mikono miwili, likagoma. Fundi bomba, pingu mkononi, akacheka kwa woga. "Mama, usijisumbue. Hiyo ilikufa zamani. Imekaza kama mkwe aliyenuna. Mimi naipigia tu, kama nyundo." Konstebo aliyekuwepo alicheka pia. Na Sajini alipoketi kuandika maelezo ya mtuhumiwa, maneno yale hakuyaandika. Maelezo hayabebi porojo; unaandika kinachojenga kesi, kingine unakiacha chini pamoja na vumbi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huo ni uongo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuudhani uongo.

Jaji aliitazama saa ya ukutani. Akasema maswali ya utetezi yatakuwa saa nane, na akamgeukia Sajini kumkumbusha kwamba bado yuko chini ya kiapo, asizungumze na mtu yeyote kuhusu ushahidi wake. Sajini akainama kwa heshima, akatoka, na akaenda moja kwa moja kuvunja amri hiyo.

Kituo kilikuwa nyuma ya mahakama, mwendo wa dakika tano. Njiani alijitafutia nafuu. Huenda maabara walitia mafuta gurudumu likalegea. Wale watu wana dawa za kila namna, kutu kwao si kitu. Lilikuwa wazo zuri na alilishika kwa mikono miwili mpaka mlangoni pa stoo ya vielelezo.

Stoo ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu za chuma pande zote, harufu ya karatasi kuukuu na mafuta ya taa. Mzee wa Stoo, Sajini Meja aliyebakiza miezi minne astaafu, alikuwa mezani akila karanga. Rejista yake ilikuwa mbele yake kama kawaida, rula juu yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wamekumaliza?"

"Bado maswali ya utetezi. Nataka rejista."

Mzee akaacha kutafuna. "Uko katikati ya ushahidi, unakuja huku. Nani alikufundisha hivyo?"

"Si wewe," alisema Sajini, akaivuta rejista.

Mzee wa Stoo hakuwa mtu wa kuandika uongo katika rejista. Yote yalikuwepo, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Jumatatu: spana moja, imetoka kwenda maabara, sahihi ya Sajini. Jumatano: spana imerudi, na katika safu ya maoni, haina damu. Alhamisi: spana moja, imetoka kwenda maabara, sahihi ya Koplo. Namba ya kielelezo ni ileile. Sajini alisoma mistari hiyo mitatu mara mbili, na lile wazo zuri la mafuta likafia hapo.

"Lebo mlipata wapi? Ina sahihi yangu."

"Ulisaini lebo kumi tupu kabla ya safari yako," alisema Mzee. "Kila mtu hapa husaini tupu. Zikichanika maabara, nani atakusubiri siku tisa?"

Ilikuwa kweli. Alisaini akiwa amesimama, begi begani, gari linapiga honi nje, na hata hakuzihesabu.

"Ya kwanza iko wapi?"

Mzee aliweka karanga pembeni. Kisha akainuka kwa kushika magoti, akaenda rafu ya mwisho, akasogeza katoni mbili za vyungu vya gongo na kurudi na spana nyekundu isiyo na lebo. Aliiweka mezani kwa upole, kama anaweka sahani mbele ya mgonjwa. Sajini akalisukuma gurudumu kwa kidole, kisha kwa mikono miwili. Halikusogea hata kidogo.

"Nilimwambia Koplo aitupe," alisema Mzee. "Halafu nikaona kitu kilichoingia kwenye rejista hakitupwi bila hati ya mahakama."

Sajini nusura acheke, na nusura alie. Alifungua mkoba wake, akatoa hati ya kukamata mali, akaijaza pale pale mezani: mahali, saa, kitu, aliyekutwa nacho. Akamsogezea Mzee kalamu. Mzee aliitazama hati ile, na Sajini alijua anachokiona: miezi minne yake ya mwisho, na kiinua mgongo cha miaka thelathini na sita. Lakini alikuwa mtu wa hati tangu ujana wake, na hati iliyojazwa sawasawa ilikuwa mbele yake. Akasaini. Kisha akavuta rejista, akapiga mstari kwa rula, akaandika kwamba spana imetoka.

Koplo aliwakuta wakiwa hapo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaiona spana, akaiona hati. Alikuwa mume wa mdogo wake Sajini. Sajini ndiye aliyemwingiza kazini, ndiye aliyekaa mbele siku ya mahari, na watoto wake wawili walimwita Mama Mkubwa na kumpekua mkoba kila akifika. Mzee wa Stoo akachukua karanga zake na kwenda kusimama nje.

"Shemeji," alisema Koplo kwa sauti ya chini, "usiniangalie hivyo. Ile nyingine sikuibuni. Ndiyo iliyomuua."

"Mliipata wapi?"

"Mtaroni, nyuma ya ghala. Jumatano ileile, nilikuwa natoka kuambiwa ya kwanza haina kitu. Ina damu, ina nywele. Ningeandika nimeikuta mtaroni, wakili angesema mtu yeyote kaitupa pale. Jamaa angetoka. Wewe mwenyewe ulisema ni yeye."

"Nilisema," alikubali Sajini. Na ni kweli alisema, mbele ya mkuu wa upelelezi, huku amekunja nne. "Mtaro upo nje ya geti la nyuma au ndani?"

"Ndani. Hakuna njia nyingine ya kufika pale."

"Geti hilo lina funguo ngapi?"

Koplo hakuwahi kuliuliza swali hilo. Hakuna aliyeliuliza. Walikuwa na mtu wao tayari, na mtu ukishakuwa naye, maswali mengine ni kujichosha. Msimamizi wa ghala alikuwa amelijibu asubuhi hii bila kuulizwa, kwa sauti kubwa, ili watu wamwone wa maana.

Koplo alikaa kwenye kiti cha Mzee. Alimkumbusha kwamba mdogo wake ana mimba ya miezi saba na daktari kamkataza mshtuko. Akamkumbusha nyumba ambayo haijaezekwa. Akasema kwamba hakufanya kwa ubaya, kwamba hakuchukua shilingi ya mtu, alitaka tu muuaji asitembee barabarani. Sajini alimwamini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mwizi angemshtaki bila kupepesa.

"Jibu unachoulizwa," alisema Koplo. "Usichoulizwa kiache. Hivyo ndivyo sheria ilivyo, shemeji, si mimi niliyeitunga."

Mchuma janga hula na wa kwao, mama yao alikuwa akisema, na Sajini siku zote alidhani mithali ile inawahusu walevi. Aliitia spana ndani ya bahasha kubwa, akaifunga, akaibana kwapani. Saa nane kasoro kumi alikuwa amerudi.

Wakili wa utetezi alikuwa mzee mwenye mafua aliyepewa kesi hii na serikali pamoja na nyingine sita. Alipanga karatasi zake, akapenga, akaanza. Je, Sajini alikuwa na saa siku ya upekuzi? Alikuwa nayo. Ilikuwa sahihi? Ilikuwa. Chumba kina milango mingapi? Mmoja. Taa ilikuwa inawaka? Ilikuwa mchana. Kwa nini hati ya upekuzi inasema saa nne na nusu na maelezo yake yanasema saa nne na dakika arobaini? Kwa sababu hati iliandikwa kwanza. Wakili akatikisa kichwa kama mtu aliyepata kitu kikubwa. Nyuma yake mshtakiwa alijiinua, akamnong'oneza, akaonyesha mezani kwenye spana. Wakili alimpigapiga begani amtulize, bila kumsikiliza, akageuza ukurasa.

Sajini alisubiri swali. Lilikuwa moja tu, fupi, la mtoto wa shule: je, hii ndiyo spana yenyewe, una hakika? Alijua angelijibu nini. Alikuwa amekwisha jiandaa njia nzima. Wakili akauliza ukubwa wa dirisha, akauliza majirani walikuwa wangapi, akapenga tena.

"Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

Wakili wa serikali akasema naye hana la kuuliza upya. Jaji akapiga mstari chini ya ukurasa.

"Asante, shahidi. Unaweza kwenda."

Angeweza kwenda. Kila alichoulizwa alikijibu, na lile jibu la asubuhi alilitoa kwa kuamini. Kwenye benchi la nyuma alimwona Koplo, kofia magotini, akishusha pumzi. Mbele yake alikaa msimamizi wa ghala, shahidi aliyemaliza kazi yake, miguu ameinyoosha kana kwamba yuko sebuleni kwake. Na katika kizimba cha pili fundi bomba alikuwa amerudi kutazama vidole vyake. Miezi kumi na sita rumande, kwa sababu ya porojo ambayo Sajini aliiona haifai wino.

Karani alimwashiria ashuke. Sajini hakushuka.

"Mheshimiwa, naomba kielelezo namba tatu."

Wakili wa serikali alisimama. Jaji alimtuliza kwa mkono bila kumtazama. "Unakitakia nini?"

"Asubuhi nilisema ndicho nilichokichukua. Sicho. Hiki kinazunguka." Alifungua bahasha yake, akaitoa ile nyingine, akapokea ya mezani kutoka kwa karani, akaziweka hizo mbili pamoja kwenye ukingo wa kizimba. "Nilichokichukua mimi ni hiki. Mshtakiwa aliniambia siku ileile kwamba hakizunguki. Nilijaribu mwenyewe. Sikuandika."

Chumba kikalipuka kwa minong'ono. Wakili wa utetezi alikuwa amesimama na leso mkononi. Wakili wa serikali alisema kwa sauti ya redio iliyoanza kukwaruza kwamba ushahidi huu haupo katika faili, kwamba shahidi amezungumza na watu akiwa chini ya kiapo.

"Ni kweli," alisema Sajini. "Mchana nilikwenda stoo ya kituo. Nimevunja amri yako, Mheshimiwa, na nitajibu kwa hilo."

Jaji alifungua ukurasa mpya. "Sema. Taratibu."

Sajini akaielekezea macho kalamu. Alisema Jumatatu, kalamu ikaandika, akanyamaza. Alisema Jumatano na maneno mawili ya Mzee wa Stoo, haina damu. Alisema lebo kumi alizosaini tupu, na kwamba kosa hilo ni lake. Alisema spana yenye damu ilipatikana mtaroni, nyuma ya ghala, ndani ya geti linalofungwa kwa ufunguo.

Wakili wa serikali aliruka kusema hayo ni maneno ya kusikia. Wakati wanabishana, msimamizi wa ghala alivuta miguu yake, akatafuta kitu mfukoni, akainuka na kuelekea mlangoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kujisaidia. Sajini alimwona. Miaka ishirini alikuwa akiona watu wakiondoka namna ile, na kila mara aliwafuata. Leo alikuwa kizimbani, neno lake halijafika mwisho, na askari wa mlangoni alimfungulia bwana yule kwa adabu. Mlango wa mbao nyembamba ukafungwa nyuma yake.

"Nani aliipata mtaroni?" aliuliza jaji.

"Koplo wa kituo chetu, Mheshimiwa. Yumo humu ndani."

"Mheshimiwa," alisema wakili wa serikali, "huyu shahidi anawachafua wenzake. Haya ni mambo ya visasi vya kazini."

Jaji alimgeukia Sajini. "Una ugomvi wowote na huyo Koplo?"

Sajini hakugeuka kutazama benchi la nyuma. Alitazama ncha ya kalamu nyeusi iliyokuwa imesimama juu ya karatasi ikimngoja.

"Sina, Mheshimiwa. Ni shemeji yangu. Amemuoa mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi."

Kalamu ilikaa juu kidogo, kisha ikashuka na kuandika, neno kwa neno. Sajini aliisubiri. Ilipofika mwisho wa mstari, akaendelea.